Kibao Shingoni

Shule ya kata ile ilipotimiza miaka hamsini, wanafunzi wa zamani walipanga foleni kumvika mashada Mwalimu Hezroni, mkuu wao wa kwanza. Dorika hakuja na maua. Alimvika kibao cha mbao chenye kamba, kilekile alichovishwa shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mamake, akatoka nacho shingoni siku aliyoacha shule. Watu walipiga makofi wakidhani ni nishani.

Mzee alikitambua, akaishika kamba ili akivue.

"Hakivuliwi, Mwalimu," Dorika alimnong'oneza kwa lugha hiyohiyo. "Sheria ni yako. Utakaa nacho mpaka umnase mwingine akisema lugha hii."

Mzee akainua macho. Mstari wa mbele, wajukuu zake walikuwa wakipiga soga kwa lugha ileile, wakicheka.