Mwenzi wa Kinga

King'ora cha mazoezi ya mlipuko wa ugonjwa kikilia, kila mtu hujifungia na mwenzi wake wa kinga, yaani yule ambaye kituo cha afya kimepima kikaona hamwezi kuambukizana. Mwenzi wa Shekue hakuwa mkewe, Zawena. Alikuwa Mwanahawa, jirani wa ukuta mmoja. Zawena alipangiwa mama mkwe.

"Ni mazoezi tu, mke wangu," Shekue alisema asubuhi ile, akitoka mbio. "Magharibi nimesharudi."

Mbio gani hizo, Zawena alijiuliza, za mtu aliyeoga na kujipaka mafuta kabla king'ora hakijalia? Kutwa nzima alisikia vicheko vya ng'ambo ya ukuta na kunusa mandazi ya iliki, yale ambayo nyumbani Shekue hayagusi, eti yanamjaza gesi.

"Mwache mwanangu ale," mama mkwe alisema.

Magharibi ikaingia, milango haikufunguliwa. Kipaza sauti kikatangaza kwamba leo si mazoezi, ugonjwa umeingia mtaani, na hakuna atakayetoka mpaka mwezi ujao.

Ng'ambo ya ukuta kicheko kilikatika, kisha kikaanza tena, chini kwa chini.

Zawena aliingia chumbani ajilaze. Kitandani alikuta mto mmoja tu, wa kwake.