Wageni wa Jirani

Mchambuzi wa takwimu alizitupa karatasi mezani kwa mkurugenzi wake, mbili zikateleza hadi sakafuni. Kila moja ilikuwa na grafu ya mistari miwili. Miaka ishirini nyuma mistari hiyo ilianzia mahali pamoja. Kisha wa nchi jirani ukapanda kama moshi, na wa kwao ukalala chali.

Yalikuwa maombi ya hataza ya watu kutoka nje, wanaotaka uvumbuzi wao ulindwe na sheria. Zamani kila nchi ilipata arobaini kwa mwaka. Sasa jirani alipata mia tisa na kumi. Wao, thelathini na moja.

"Wametuibia wageni wetu," alisema, "na sisi kimya, maji mtungini."

Mkurugenzi naye alipandisha hasira. Akaahidi kwamba waziri angewasomea majirani taarifa hiyo usoni, ila yalihitajika majina: wageni gani, wa wapi, wamerubuniwaje. Akamtuma mchambuzi mwenyewe avuke mpaka akayalete.

Jioni mchambuzi alitema nyongo yote nyumbani. Baba yake, fundi wa pampu, alisikiliza huku akifuta mafuta viganjani. Mzee naye alikuwa na ombi lake katika ofisi hiyo hiyo ya bintiye, la valvu aliyoibuni ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu, mwaka wa sita huu likingoja kwenye foleni. Binti hakutaka kulisukuma, watu wasije wakasema anabeba wa kwao. Alimwambia asubiri zamu. Mwaka wa tatu mzee aliacha kuuliza, na binti akashukuru kuwa na baba mwelewa.

"Usiende, mwanangu," baba alisema. "Mpangaji akihama, haulizwi mwenye nyumba mpya. Anaulizwa yule wa zamani."

Akaenda. Basi lilikwenda kutwa nzima, na hasira haikumpa hata lepe la usingizi.

Msajili wa kule, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimvutia kiti. Hakukaa. Alimwaga yote aliyokuja nayo: kwamba wanawalegezea wageni masharti, wanawavuta kwa vijizawadi, wanavuna shamba wasilolima. Msajili alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Masharti yetu na yenu ni yale yale, dada," alisema. "Sisi tunajibu barua tu. Mtu akileta ombi, ndani ya miezi minne ana jibu lake."

Mchambuzi akauliza kwa kejeli wameajiri wakalimani wangapi wa kuzungumza na wageni wote hao.

"Hata mmoja. Hatujawahi kumhitaji."

Msajili akamsogezea daftari ambalo waombaji wa nje hujiandikia wenyewe. Mchambuzi alichomoa kalamu ili anakili, akaanza kushuka na safu ya nchi walikotoka waombaji.

Ya kwanza ilikuwa nchi yake. Ya pili, nchi yake. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, nchi yake, nchi yake, mpaka kidole kikakwama kwenye ombi la miaka mitatu iliyopita. Valvu ya pampu, iliyoelezwa kwa ule mwandiko aliokuwa akiuiga utotoni, alipokuwa anafundishwa kuandika jina lake.