Goti la Ngongoti

Kocha hakuwa na taimauti hata moja, na saa ilikuwa inakimbia. Chuo chake kilikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde kumi na tisa. Mpira walikuwa nao wao, lakini wachezaji waliudunda tu huku wakitazamana kama wageni msibani. Ruhusa zote za kusimamisha mchezo alikuwa amezimaliza mapema, akiwafokea. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kocha alizaliwa na pupa.

Mkuu wa chuo alikaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu. Alishasema wazi: chuo hakifugi timu ya kushindwa. Leo wakifungwa, timu inavunjwa na kocha anatafuta kazi nyingine. Mtu wa miaka hamsini na moja, asiyejua kingine ila mpira wa kikapu, kazi ipi?

Hata mkewe alikuwa amekuja, mara ya kwanza msimu huu. Alichagua safu ya juu kabisa, chini ya madirisha. "Huko nitawaona vizuri mkiaibika, baba na mwana," alisema, akawacheka.

Kocha akavuta sikio lake la kushoto.

Mchezaji mrefu kuliko wote, waliyemwita Ngongoti, aliiona ishara. Huyu alikuwa mwanawe wa kumzaa. Nyumbani alimwita baba, uwanjani kocha, na hawakuyachanganya. Ngongoti akaruka bila sababu, akatua upande, akashika goti na kulia kama mbuzi aliyeona kisu.

Refa akapuliza filimbi. Saa ikasimama.

"Mpeni kombe la maigizo!" kocha wa wapinzani akapiga kelele.

"Nesi!" kocha akaita. "Nesi, huku haraka!"

Ukumbi mzima ulikuwa na nesi mmoja. Alikuwa amesimama kando ya ngazi na mkoba wake, anatazama majukwaani, watu wanapopunga mikono na kupiga mayowe. Akasita kidogo, kisha akaja mbio. Akapiga magoti, akaliminya goti huku na huku.

"Kijana, hili mbona halina kitu?"

"Linauma, dada," Ngongoti akasema, macho ameyafumba.

"Linauma wapi? Hata kuvimba halijavimba."

Kocha akachuchumaa karibu yake. "Dada yangu, funga bandeji. Tena taratibu. Refa anatutazama."

"Kuna watu wananiita."

"Hao wanapiga kelele tangu mechi ianze. Ukimwacha sasa, refa atajua tumemchezea shere, atatupa adhabu, na mimi nimekwisha. Nakuomba. Riziki yangu iko kwenye hilo goti."

Nesi akafungua mkoba.

Kocha akawakusanya wanne waliobaki. Kwa sheria, anayetibiwa lazima atoke, na hicho ndicho alichokitaka. Benchi alikuwa na kijana waliyemwita Sindano, anayetoboa kikapu kutoka mbali, ila mbio hana.

"Sindano anaingia. Mpira apewe yeye, kule pembeni. Wewe Kibonge, simama kama ukuta, mzibe anayemkaba. Na asipige mapema! Ngojeni sekunde za mwisho, ukiingia wasipate muda wa kujibu. Mmenisikia, au nimsemeshe ukuta?"

"Tumesikia, kocha."

"Huyo anatoka au hatoki?" refa akauliza.

"Anatoka. Mbebeni polepole, mguu usikanyage chini."

Wakambeba hadi benchi. Ngongoti alimshika nesi mkono kama alivyofundishwa, maana mwenye maumivu ya kweli haachii mtu. Nesi alipotaka kuinuka, kijana akalia zaidi. Kocha akamgeukia mara moja tu. "Hapohapo, mwanangu," akamnong'oneza. "Usimwachie."

Filimbi ikalia. Mpira ukaenda kwa Kibonge, ukarudi nyuma, ukaenda pembeni. Sindano akaushika, akaungoja muda kama mtu anayengoja chai ipoe. Kibonge akasimama kama ukuta. Sindano akaruka. Mpira ukazunguka ukingo wa kikapu, ukafikiri, ukaingia. Saa ikalia.

Ngongoti alisahau goti lake, akaruka juu na bandeji yake akicheka. Mkuu wa chuo akaja na kumkumbatia kocha. "Kazi yako iko palepale," akasema. "Na timu iko palepale."

Kocha alitaka mkewe aone. Akageuka na kuinua mkono kuelekea madirishani. Hakumwona. Alimwona nesi, anapanda ngazi mbilimbili, na watu wa safu ya juu hawapungi tena. Walikuwa wamesimama kimya, wamevua kofia.

Kocha akamfuata. Alipofika, wakampisha. Mtu asiyemjua alikuwa amevua koti lake na kumfunika aliyelazwa kwenye viti vitatu. Viatu vilivyochungulia chini yake vilikuwa vya kutokea, vile kocha alivyomnunulia mkewe.

"Pumu," nesi akasema, bila kumtazama. "Waliniita mara tatu."

Chini uwanjani wachezaji walikuwa bado wanamrusha Ngongoti hewani. Timu ilibaki. Kazi ilibaki. Nyumbani walibaki wawili.