Mto wa Hamduni

Hamduni alipotangazwa mchekeshaji bora wa mwaka, ukumbi uliangua kicheko kabla hata hajainuka. Walikuwa wanakicheka kitambi chake, kile kile wanachokiona kwenye runinga kila Ijumaa. Alipanda jukwaani akihema. Ngwali, mwongozaji wa kipindi, midomo iking'aa mafuta ya kuku, akakipiga kitambi kwa viganja kama ngoma. "Jamani, tumbo hili linaigiza lenyewe!"

Zamda, mke wa Hamduni, aliinuka kitini. Hakungoja kualikwa. Alipanda na mfuko wake wa plastiki, akatoa mto wa sponji wenye mikanda miwili, akamsukumia Ngwali kifuani.

"Huu ndio mto aliokuwa anajifunga tumboni," alisema kwenye kipaza sauti. "Tangu mfungo uliopita hajauvaa. Hilo tumbo ni lake, shemeji. Limejaa maji, ini limekwisha. Na unajua, maana wewe ndiye uliyemwambia asiende kutolewa maji mpaka mmalize kurekodi."

Ngwali akawatazama watu, kisha akatabasamu.

"Shemeji naye kaja na komedi yake!"

Akajifunga mto juu ya suti, akaanza kutembea ule mwendo wa Hamduni, miguu ikiburuzika. Watu walilipuka kwa kicheko, wengine wakifuta machozi.

Hamduni alitafuta kiti kwa macho, asikione. Akakaa chini pale pale jukwaani, tuzo mapajani, mdomo wazi akitafuta pumzi.

Na hilo nalo wakalipigia makofi.