Miwani Chini ya Meza

"Wanafamilia wote wa nyumba hii," Koplo mstaafu alitangaza, mikono nyuma, kifua mbele. "Leo, wageni wakiwa hapa, hakuna mlango utakaobamizwa, hakuna kifuniko kitakachoanguka, na hakuna mtu mzima atakayeingia chini ya meza."

"Sawa, Baba," binti yake akajibu kwa utiifu. "Zipu."

Koplo akageukia ukuta kwa heshima zote za kijeshi, akaifunga.

Vita alivyopigana vilikuwa vimekwisha zamani. Mwili wake tu ndio haukupewa taarifa. Kishindo kikilia popote, akili ikiwa bado inajiuliza ni nini, magoti yalishafika sakafuni. Nyumbani walizoea. Mkewe alikuwa na wimbo wake: "Mzee kadondosha miwani tena." Mazungumzo yaliendelea, na Koplo alijitokeza kwa wakati wake, akipangusa miwani ambayo haijawahi kuanguka hata siku moja.

Balaa lilikuwa wageni. Posa ya kwanza ya binti iliharibikia sebuleni humo humo. Upepo ulibamiza mlango, Koplo akamwangusha mjomba wa mchumba wa wakati huo na kumlalia juu ili amwokoe. Mjomba hakuelewa ameokolewa na nini. Ukoo mzima haukurudi. Binti alisema si kitu, ila jioni ile aliosha sahani mpaka maua yake yakakaribia kufutika.

Ndiyo maana safari hii Koplo aliomba atumwe dukani, akanunue chochote, mpaka wageni waondoke. Binti alikataa.

"Nataka uwepo, Baba. Wewe mwenyewe, ulivyo."

Wageni wakafika: mchumba, kijana mpole mwenye tai iliyomkaba, na mama yake, mwanamke mrefu mwenye hereni ndefu za dhahabu. Badala ya kukaa, mama huyo akaomba kuona maua. Akaizunguka nyumba nzima. Akasifu waridi, akauliza mlango wa nyuma unatokea wapi, akachungulia juu ya ukuta wa jirani.

"Anakagua usafi," mke wa Koplo akamnong'oneza mumewe. "Nilikwambia ufagie kule nyuma."

Walipoingia ndani, mgeni akapita viti vyote vya mezani na kukalia kile cha ukutani, kinachotazama mlango. Kiti cha Koplo. Koplo akamwomba ahamie penye mto laini. Akakataa kwa tabasamu, hapo panamtosha. Koplo akalazimika kuupa mlango mgongo, shingo ikimwasha kama imetambaliwa na siafu. Moyoni akasema huyu mama ana maringo. Hata akiongea na mtu hamtazami usoni, macho yake yako mlangoni tu, kama anayesubiri wageni wa maana zaidi.

Hata hivyo mambo yakaenda vizuri. Chai ikasifiwa. Kijana akaulizwa kuhusu kazi yake, akajibu bila kujisifu. Binti akaanza kucheka kile kicheko chake halisi, ambacho Koplo hakuwa amekisikia tangu mkasa wa mjomba. Koplo akashika kingo za kiti kwa mikono yote miwili. Kimya hiki kidumu kidogo tu, alijiombea. Kidogo tu.

Geti la chuma la jirani likajibamiza.

Koplo alijikuta chini ya meza, macho kayafumba, pua imejaa vumbi la nchi nyingine. Juu yake akamsikia mkewe, sauti shwari kabisa:

"Mzee kadondosha miwani tena."

Halafu akamsikia mchumba, kwa sauti ile ile ya mtu aliyezoea:

"Na Mama kadondosha hereni. Hazikai kabisa masikioni, hizo."

Koplo akafumbua macho. Mbele yake, akiwa amechuchumaa, alikuwa mama wa mchumba, kikombe mkononi, bila hata tone lililomwagika. Alikuwa amefika kabla yake.

Koplo akazitazama hereni. Zote mbili zilikuwa mahali pake, zikitetemeka kidogo.

"Nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa vitani, mstari wa mbele," mama akakiri kwa kunong'ona. "Na wewe, mkwe, miwani umeivaa."