Maili Mia Tano za Mwanzo

Mjini hakuna fundi mwingine aliyeijua injini ya lile gari la spoti la Kiingereza, kwa hiyo Shebwana alilipeleka lake kwa Mwatumu, mtalaka wake. Alikuwa amemwacha kwa kuwa alinuka oili.

Mwatumu aliifumua, akaisuka upya bila hila hata ya nati moja. Siku ya kukabidhi aliwaita wazee wawili walioshuhudia talaka yao.

“Maili mia tano za mwanzo usiikimbize,” alisema, wasikie wote. “Itanoki, ikufie njiani.”

“Mwanamke ndiye anifundishe kuendesha?”

Mwatumu alimpa ufunguo. Alimjua: ukimkataza, umemtuma.

Gari liliondoka kwa kishindo. Mngurumo ukapanda mlima, ukazidi kupanda. Mwatumu alitwaa kamba ya kuvutia magari mabovu, akaketi nayo mlangoni, akasikiliza.