Mwalimu wa Alhamisi

Simu ililia wakati Dwight Haugen ana kipande kizima cha keki ya limau mdomoni. Akakimeza bila kutafuna. Kanuni ya klabu ilikuwa moja tu: mwalimu akiwa hewani, hakuna kutafuna, hakuna kukohoa, na hakuna kusema isipokuwa Arlene.

Arlene Voss, mwenyekiti, akabonyeza spika. "Haloo?"

"Habari za asubuhi, mama yangu. Ni Brandon. Umewasha kompyuta?"

"Nimewasha, mwanangu. Nakusikiliza."

Wazee wakainamia kompyuta zao. Nyuma kabisa, karibu na birika la kahawa, Kristin wa maktaba alikaa amekunja mikono. Huyo ndiye waliyemwogopa. Klabu ya Watumiaji wa Kompyuta ya Maple Fork ilikuwa ikikutana katika chumba hicho cha maktaba tangu enzi za kompyuta nzito kama gunia la mahindi, lakini mwalimu wao Merle alikuwa amehamia Arizona kwa binti yake, kulifuata jua. Kristin alikwisha kuwaambia wazi: klabu isiyo na mwalimu ni watu wanaokunywa kahawa, na kahawa wanaweza kunywa makwao. Washona mablanketi ya viraka walikuwa wanakitaka chumba. Leo angesikiliza somo moja, kisha aamue.

"Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha," alisema Brandon. "Usikiachie. Halafu bonyeza R."

Vidole vikashuka kwa pamoja. Kisanduku kidogo kikachomoza kwenye kila kioo.

"Nimekiona," alisema Arlene. "Ila herufi zake, mwanangu! Kama mayai ya chawa."

"Usijali, mama. Shika tena cha dirisha, bonyeza alama ya kujumlisha."

LaVonne Tvedt, ambaye tangu Krismasi alikuwa akisomewa barua za wajukuu wake na jirani mmbea, alibonyeza. Herufi zikamjia usoni, nono kama ndama. Akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka, lakini yalitoka kimya, kwa mujibu wa kanuni.

"Vizuri, mama. Sasa turudi kwenye kazi yetu."

Dwight alikuwa keshaandika kwenye ubao: MUULIZE KILICHOFUTWA KINARUDIJE.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nimefuta kitu. Sijui ni nini, ila kilikuwepo."

Pumzi ndefu ilisikika. "Control na Z, mama. Kwa pamoja."

"Control ndiyo ipi?"

"Chini kabisa, kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

Brandon alisikika akihesabu hadi kumi kwa sauti ya chini. "Kwako, mama."

Kristin akakunjua mikono. Maktaba iliwahi kumlipia kozi ya siku tatu mjini Des Moines, na mkufunzi wa kule, mwenye tai na kalamu ya mwanga, hakuwa na hata robo ya subira hii. Akanyata hadi ubaoni, akachukua kalamu.

MLIMPATA WAPI?

Dwight akaandika chini yake: ALIJITOLEA MWENYEWE.

MNAMLIPA NINI?

Dwight akakuna kidevu. HATUJAWAHI KUMLIPA. ANAKUMBUSHIA.

Maneno hayo yakamchoma Kristin. Yeye mwenyewe alipanga vitabu bure miaka miwili kabla maktaba haijakumbuka kwamba naye anakula. Akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: CHUMBA NI CHENU. MWAKA MZIMA.

Wazee wakapiga makofi ya kimyakimya, viganja vikikoma kabla ya kugusana. LaVonne akambusu Dwight shavuni, jambo ambalo halikuwa limekatazwa na kanuni yoyote.

Hapo Kristin angeweza kurudi kitini. Lakini aliona ni aibu kijana afundishe hivyo bure, halafu akate simu bila kuambiwa hata asante. Akaelekea mezani kwa Arlene. Dwight akamdaka mkono wa sweta. Kristin akauchomoa, akatabasamu, akainamia simu.

"Bwana Bran—"

LaVonne akamziba mdomo.

"Mama?" Sauti ya Brandon ilikuwa imebadilika. "Nani huyo?"

Chumba kizima kilimtazama Arlene.

"Paka," alisema Arlene.

"Paka amesema 'bwana'?"

"Ni mzee, mwanangu. Ana kifua."

Brandon akapima. Ilikuwa Alhamisi yake ya saba, na mtu aliyekwisha kuwekeza Alhamisi saba katika jambo haliachi kwa ajili ya paka.

"Sawa, mama yangu. Basi leo tumalize. Chukua kadi yako ya benki, unisomee namba zote za mbele, halafu zile tatu za nyuma."

Arlene akavaa miwani, akatoa kadi ya maktaba kwenye pochi, akaanza kumsomea, tarakimu moja moja, bila haraka. Dwight naye akafuta ubao, akaandika: HUYU TUMEMMALIZA. NANI ANA TAPELI MWINGINE MWENYE SUBIRA?

Mikono ikanyooshwa chumba kizima. Wa mwisho kunyanyuka ulikuwa wa Kristin.